Ba Be Bi Bo Bu: Somo la Kwanza la Mwaka

Shule za Tanzania hufunguliwa mwezi wa Januari, na kabla mwezi haujaisha mpita njia aweza kujua darasa la kwanza liko chumba gani bila ya kuuliza. Sauti zao zatoka madirishani: ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, da de di do du. Wazazi watokao shamba husimama kidogo na majembe yao, wakasikiliza, wakasema, "Wanasoma." Neno hilo ndilo tutakalo kulichungua leo. Vitabu vya wakubwa twavipima na kuvihukumu, lakini chati hii ya ukutani, na kile kitabu chembamba kiifuatacho, tumevizoea mno hata hatuvitazami tena.

Kwanza tuipe chati haki yake. Kiswahili kina irabu tano tu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Maandishi yake ni ya kweli: a ni a kila mahali, na k haigeuki sauti yake kwa sababu ya jirani yake. Mtoto wa Kiingereza hana raha hii. Yeye hana budi kujifunza maneno mengi kwa sura zao, kwa kuwa herufi zake zamhadaa. Wa kwetu akizijua silabi mia na kidogo aweza kuyakabili maneno mengi ya lugha yake. Basi aliyebuni kufundisha Kiswahili kwa silabi hakuwa mpumbavu, wala hatutaki silabi ziondolewe.

Tunaloliona baya ni wimbo. Mwenye shaka na afanye jaribio hili, halihitaji ufundi. Mwite mtoto mmoja aliyeimba vizuri kuliko wote, umsimamishe mbele ya chati, kisha umwonyeshe kwa kijiti silabi iliyo mwisho wa mstari, bu. Atanyamaza. Ukitazama midomo yake utaona yacheza: ba, be, bi, bo... kisha kwa sauti kubwa, "Bu!" Amefika kwa kuhesabu, kama mtu atafutaye nyumba ya tano asiyejua sura yake. Sasa iandike bu hiyo hiyo ubaoni, mbali na chati, peke yake. Wengi hawatakuwa na la kusema. Sote tumewaona watu washikao kitabu cha nyimbo juu chini, nao waimba beti zote bila ya kukosa neno. Hatusemi kwamba wanasoma, twasema kwamba wanakumbuka. Kukumbuka ni kipawa kizuri, walakini mtoto hakuletwa shuleni kwa ajili ya hicho, maana hadithi za bibi yake alikwisha kuzikumbuka tangu nyumbani.

Tukiliacha jambo la wimbo, liko la mpango wa herufi, nalo kwa maoni yetu lina madhara makubwa zaidi. Chati hufuata a, b, ch, d kama kamusi. Kamusi yahitaji mpango huo ili mtu apate neno upesi, lakini mtoto hatafuti neno katika kamusi. Tazameni apatavyo mtoto aliyekwisha kujifunza irabu pamoja na b, ch na d. Apata baba, babu, bibi, dada, dudu, debe, chai na chui. Si haba, lakini jaribuni kuyaunga yawe habari! Hawezi kuandika "anabeba," maana n haijafika. Hawezi kuandika "kubeba," maana k haijafika. Ndipo mwalimu alazimikapo kutunga sentensi kama "Baba abebe chui" au "Babu adai dudu," na watoto wazisoma kwa nyuso kavu, hata mmoja hacheki. Kutocheka huko ndiko kututiako hofu. Mtoto asiyecheka akisikia kwamba baba abebe chui amekwisha kuamini kwamba maneno ya kitabuni hayana maana, na kwamba kazi yake ni kuyapigia kelele tu.

Sasa tuchukue irabu zile zile, na mahali pa b, ch na d tuweke m, k, n na t. Mara watoka mama, kaka, kuku, kiti, mti, moto, mkono, mkate, mtu, mtoto, tano na nane. Watoka pia viambishi ambavyo Kiswahili hakiwezi kwenda bila hivyo: anakata, ninakata, tunakata, kukata. "Mtoto anakamata kuku." "Kaka anakata mti." Hizo ni habari, mtoto aweza kuziona kwa macho ya moyo wake, tena aweza kubisha: kaka yangu hakukata mti, alikata mkate. Lakini kwa mpango wa kamusi, ikiwa kila juma lina herufi yake moja na majuma ya irabu hatuyahesabu, n yafika juma la 11, na t juma la 15. Naye mtoto aitwaye Zakaria hangoji chini ya juma la 19 ndipo afundishwe herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe. Tena mpango huu waziweka b na d karibu karibu, herufi mbili zenye sura moja iliyogeuzwa, kisha twashangaa kwa nini watoto waandika "dada" wakitaka "baba." Kama zingetengwa kwa majuma kadha, ya kwanza ingekwisha kuzoeleka kabla ya kuja ndugu yake.

Liko pengo jingine katika chati, dogo kwa macho. Tafuteni mstari wa m: ma me mi mo mu. Je, m iliyo peke yake iko wapi? Haipo. Na hiyo ni silabi kamili katika lugha yetu, nayo hutumika kila siku: m-tu, m-ti, m-ji, m-ke, m-to-to. Mtoto aliyeshika chati barabara akikutana na "mtu" aidha hukwama, aidha husema "mutu," akakemewa kwa kosa ambalo chati ndiyo iliyomfundisha. Wala si jambo jepesi, maana m hii ina tabia mbili. Katika "mbwa" yasimama peke yake, tena ndiyo ichukuayo mkazo. Katika "mbuzi" yashikamana na b kuwa sauti moja. Mtoto ayajua haya yote kwa sikio tangu zamani. Akipewa nafasi ya kuyapigia makofi, makofi mawili kwa m-bwa na mawili kwa mbu-zi, atayagawa mwenyewe, na mwalimu ataandika tu yale aliyoyasikia.

Hapana shaka wako wenzetu watakaojibu, "Sisi tulifundishwa kwa ba be bi bo bu, na leo twasoma." Ni kweli. Lakini watu wasemao hivyo ni wale waliovuka. Wale walioketi nasi ubao mmoja wakaimba nasi, kisha wakarudi kuchunga wasiweze kusoma barua, hao hawaandiki katika magazeti. Mwaka 2010 watu wa Uwezo walipoanza kuwapima watoto nyumba kwa nyumba katika Tanzania, waliwakuta wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiasi cha darasa la pili. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2015 ukaweka mbele Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa madarasa mawili ya kwanza, na huo ulikuwa uamuzi mwema. Walakini mtaala hauendi darasani kwa miguu yake. Huchukuliwa na mwalimu, na mwalimu aliyechoka hufundisha kama alivyofundishwa.

Nasi hatuwadharau waliochoka. Mwalimu mwenye watoto 80 katika chumba kimoja, asiye na vitabu vya kuwatosha hata kwa watatu watatu, huimba kwa sababu wimbo huwashika wote pamoja. Lakini maboksi matupu hupatikana kila duka. Yakikatwa vipande na kuandikwa silabi, kila ubao ukapewa vipande vyake, watoto watano waweza kujenga ku-ku na ki-ti wao kwa wao huku mwalimu akiwasikiliza wengine mmoja mmoja. Kumsikiliza mmoja mmoja ndiko kunakoadimika. Mtoto aweza kukaa mwaka mzima katikati ya sauti za wenziwe, akifumbua mdomo wapofumbua na kufumba wapofumba, asijulikane. Huyo hagunduliwi ila darasa la tatu, wakati masomo mengine nayo yatakapoanza kumdai asome peke yake, na hapo huitwa mzito wa akili.

Ninyi wazazi mliosimama njiani na majembe, msiulize, "Leo mmeimba nini?" Ifikapo mwisho wa Machi, chukueni kijiti, mwandike mchangani neno moja fupi ambalo mtoto hakuliona katika kitabu chake, kama "kamata" au "tumia," kisha mnyamaze. Msimsaidie kwa silabi ya kwanza. Akilitamka, mwombeni aeleze maana yake. Asipoweza, msimpige wala msimcheke. Nendeni kwa mwalimu wake siku hiyo hiyo, wakati majuma ya kumrudisha nyuma kidogo yangalipo.