Pongezi kwa Wauguzi na Madereva wa 115

Katika Ufaransa daktari mwenyewe hupanda gari la dharura la SAMU, na Uingereza paramediki aliyesajiliwa ana idhini ya kudunga dawa kadhaa bila kumngoja tabibu. Ama kwetu Muleba, Tanzania, mama ashikwapo na uchungu wa hatari, hupigwa simu 115 ya m-mama, mpango uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, na ambulensi ikikosekana huitwa dereva wa jamii, ambaye ruhusa yake haizidi usukani, naye hulipwa kwa simu akishamfikisha.

Nawapongeza kwa dhati wauguzi na madereva hawa, hususan muuguzi aketiye nyuma, mkono mmoja ameinua chupa ya dripu na wa pili u juu ya tumbo la mama akipima uchungu, huku gari likipanda vilima vya Muleba kuelekea Rubya au Ndolage. Taifa ambalo tangu miaka ya 1960 limewaamini madaktari wasaidizi, hata kuwapa kisu cha upasuaji wa uzazi, laweza bila shaka kumwamini muuguzi huyu, limpe mafunzo na ruhusa pana zaidi awapo safarini, na dereva naye afundishwe walau kuzuia damu.