Mikumi Imekauka, au Mikumi Kumekauka?

Ukitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi kwa barabara ya ndani, unapita Ulaya. Sitanii, ndilo jina la kijiji. Kila nikipita hapo huwaza kwamba Kiswahili chetu cha matangazo nacho kimepita Ulaya kabla ya kubandikwa ukutani.

Safari yangu ya mwisho nililala nyumba ya wageni pale Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Nyuma ya mlango wa chumba palikuwa na karatasi: "Kifungua kinywa kitakuwa kinatolewa kuanzia 7:00 hadi 10:00 asubuhi. Wageni wote mnaombwa kufanya malipo ya chumba kabla ya kuingia. Asante kwa kutovuta sigara." Neno la Kiingereza hamna hata moja. Ngeli zimekaa sawa, tahajia safi. Hata hivyo sentensi zote tatu ni za Kiingereza, zimevalishwa kanzu tu.

Tuanze na hiyo "kitakuwa kinatolewa". Kiswahili kinayo sura hii, na ina kazi yake: "Ukiamka saa mbili, chai itakuwa inatolewa." Yaani jambo moja litakuta jingine limo njiani. Kwa jambo la kila siku tuna hu-: "Chai hutolewa." Mwandishi wa karatasi ile hakukosa umbo, alilipeleka kusikokuwa kwake, kwa sababu Kiingereza cha mahoteli hupenda kuuzungushazungusha wakati ujao ili kionekane kina adabu. Saa nazo zimefuata mkumbo. Kwa Mswahili saa saba ni mchana, jua la utosi. Saa saba ya asubuhi haijawahi kupiga Mikumi wala kwingineko.

Sentensi ya pili ndiyo iliyonikera. Kulipa ni kitenzi chenye watoto wengi: kulipia, kulipwa, kulipisha, kulipana. Ukiandika "lipia chumba", ile -i- ya katikati imekwisha kusema kwamba malipo ni kwa ajili ya chumba. Ukiandika "kufanya malipo ya chumba" umemgeuza kitenzi kuwa jina, ukamnyang'anya watoto wake, kisha ukalazimika kuazima "kufanya" ije ifanye kazi na "ya" ije iunganishe. Maneno manne yanabeba mzigo wa mawili. Ndivyo ilivyo pia kwa "kufanya maamuzi" na "kufanya mawasiliano", wakati kuamua na kuwasiliana wapo nyumbani wamekaa bure.

Na shukrani ya sigara? Kwetu mtu hushukuriwa kwa alilokwisha kutenda. Mimi ndiyo kwanza nimetua begi, naambiwa asante kwa jambo ambalo sijapata hata nafasi ya kulivunja. "Usivute sigara humu" ingetosha, na hiyo "humu" ingeonyesha kuwa nje ruksa.

Hapo kwenye "humu" ndipo penye uhondo. Kiswahili kina ngeli za mahali, pa-, ku- na mu-, na Kiingereza hakina kitu cha namna hiyo. Chukua jina lenyewe la Mikumi. Mkumi ni mti wa jamii ya mivumo, na wingi wake ni mikumi. Ukisema "Mikumi imekauka", nitatafuta miti iliyonyauka. Ukisema "Mikumi kumekauka", nitajua ni ukame: nyasi zimeisha, wanyama wanahangaikia maji. Silabi moja imetenga mti na mahali. Ila anayefikiri kwa mpango wa Kiingereza huona jina la mji kama kitu kimoja kilichosimama mwanzo wa sentensi kikitenda mambo, basi ataandika "Mikumi imekauka" kwa maana zote mbili, na msomaji aague mwenyewe.

Sisemi kila "Kilosa ina" ni kosa. Kilosa ikiwa wilaya, yenye ofisi na bajeti, i- inaistahili: Kilosa imepata mkuu wa wilaya mpya. Lakini mvua hainyeshei ofisi. Kilosa kumenyesha. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulipovunja kingo zake, maji yaliingia majumbani na kuisomba reli ya kati. Leo anayeandika habari za namna hiyo atakuletea "Kilosa ilishuhudia mafuriko makubwa". Ilishuhudia kwa macho gani? Waliofurikiwa ni watu, na kitenzi chao kipo. Angalia pia kwamba "reli ilisombwa" inamtaja mkosaji hata kabla hujafika kwenye "na maji", kwa kuwa kusomba kwa namna hii ni kazi ya maji. "Uharibifu wa reli ulisababishwa na mafuriko" ni taarifa sahihi ambayo haijalowa.

Wengine watasingizia lugha za nyumbani. Hapana. Kikaguru, Kisagara na Kividunda, lugha za Kibantu za wilaya hii, zina ngeli zao za mahali, kwa hiyo mtoto wa Kilosa alizaliwa na ku- mdomoni. Naona mlango ni shule na ofisi. Kuanzia kidato cha kwanza masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Humo ndimo mtu anamojifunza kuandika ripoti, barua na ilani. Akija kutakiwa tangazo kwa Kiswahili, kiunzi anacho tayari, analotafuta ni maneno ya kukijaza.

Uazimaji wa kiunzi wenyewe si dhambi. "Lakini", "kabla", "baada" na "kama" tulivitoa Kiarabuni, na sentensi zetu zimevizoea hadi hatuvioni. Ninachouliza ni kama kuna pengo. Sikiliza hotuba za siku hizi kuhusu reli ya kisasa, ile iliyotobolewa mahandaki Kilosa na kuanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024: "Mradi huu unaenda kubadilisha maisha ya wananchi." Unaenda wapi? Treni ndiyo inayokwenda, mradi umekaa. Ni kweli lugha nyingi, Kifaransa mojawapo, zimegeuza kitenzi cha kwenda kuwa alama ya wakati ujao. Sisi tulishafanya yetu zamani kwa kutaka: -ta- ya "utabadilisha" ni kipande cha kitenzi hicho. Pengo halikuwepo. Na kwenda kwetu bado kuna miguu: ukisema "nenda kanunue chumvi" humnyanyui mtu kitini kwa wakati ujao, unamtuma dukani.

Kuhusu duka, pale stendi ya Mikumi niliingia kununua maji, na juu ya rafu nikakuta kibao cha siku zote: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Hamna "ni", hamna "lakini", hamna "tafadhali". Vitenzi viwili vya ku- vimewekwa ubavuni mwa majina mawili, msomaji anamalizia mwenyewe. Jaribu kuipitisha sentensi hiyo kwenye kiunzi cha Kiingereza: itadai "ni" mara mbili na kiunganishi katikati, na mwenye duka atakuwa amekwisha kukopwa.

Nilirudi nyumba ya wageni nikamuuliza binti wa mapokezi habari ya ile 7:00, kama ni asubuhi au mchana. Akacheka. "Chai saa moja, baba. Wageni wote wanauliza." Karatasi, kasema, ilichapwa na bosi, naye hana ruhusa ya kuibandua.