Nasaba ya Mzungu wa Grogon

Ukitoka Shauri Moyo kwa miguu asubuhi, ukaliacha nyuma soko la nyama la Burma, ukajipenyeza katikati ya mitumba ya Gikomba na kuufuata mto Nairobi kuelekea mjini, utafika mahali ambapo mafundi wa magari, mikono yao imetapakaa grisi, watakuambia kwamba hapo ndipo Grogon. Na ukimwuliza kijana anayefungua injini kwamba huyo Grogon alikuwa nani, atakutazama kana kwamba umemwuliza Jogoo Road ni ya jogoo wa nani. Barabara hiyo iliitwa Grogan Road zama za ukoloni, ikapewa jina la Kirinyaga baada ya uhuru, kibao kikabadilishwa, ila ulimi wa fundi haukubadilika. Nami nimeishi na jina hilo miaka mingi kabla ya kutambua kwamba lilikuwa na baba na mama, na mke, na tarehe ya mauti.

Nasaba si jambo geni mtaani kwetu. Wazee waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 walikuja Shauri Moyo na vyombo vichache, lakini kila mmoja alibeba kifuani mwake mnyororo wa majina, fulani bin fulani, ambao aliweza kuusoma bila ya daftari mpaka kwa babu wa babu. Nasaba ya mlowezi wa Kiingereza haikai kifuani mwa mtu. Imetawanyika katika makaratasi, kipande kimoja London na kingine Nairobi, na anayetaka kuiunganisha hana budi awe na subira ya mshona kofia ya vito, ambaye hufuma tundu baada ya tundu na haoni ua mpaka kazi imefika ukingoni. Ufundi huo ndio niusifuo leo, kwani nimeona watu wengi wakiudharau kwa kudhani kwamba ni mchezo wa wastaafu wasio na kazi.

Mpekuzi wa nasaba huanza na mauti, akarudi nyuma. Ewart Grogan, mlowezi ambaye barabara ile iliitwa kwa jina lake, alifariki Afrika Kusini mwezi wa Agosti, 1967, naye ana umri wa miaka 92. Basi hesabu ndogo yakuonyesha kwamba kuzaliwa kwake lazima kutafutwe katika sijili za miaka miwili, wa 1874 na wa 1875, na ndivyo atakavyopatikana, amezaliwa Desemba, 1874. Waingereza wamekuwa wakiandikisha vizazi na vifo vyao katika daftari za serikali tangu mwaka 1837, na mtoto aliyezaliwa 1874 hutafutwa tena katika sensa ya 1881, ambapo watu wa nyumba moja wameorodheshwa pamoja, wazazi, watoto na watumishi. Akivuka bahari, hufuatwa na Gazeti rasmi la serikali ya kikoloni ya huku, lililoanza kuchapishwa mwaka 1899, ambamo ardhi hutangazwa na mirathi za marehemu hutangazwa vilevile, kwa herufi ndogo za kuumiza macho. Na anayetaka kuzisoma huku kwetu huketi katika Nyaraka za Taifa, katika jengo lililokuwa benki.

Hapo ndipo mpekuzi hukutana na adui yake, nayo ni hekaya tamu. Husimuliwa kwamba Grogan alimpenda Gertrude Watt, kwamba baba wa kambo wa binti hakumwona kijana kuwa ni mtu wa maana, na kwamba kwa ajili hiyo alisafiri kutoka kusini mwa Afrika mpaka Cairo ili adhihirishe uanaume wake. Tarehe haziikanushi hekaya hiyo: safari ilikwisha mwaka 1900, na harusi ilikuwa mwaka huohuo. Lakini tarehe kuafikiana na hadithi si sawa na kuithibitisha, na mpekuzi mwenye adabu huiandika kwa penseli. Lisilohitaji penseli ni kwamba Gertrude alifariki mwaka 1943, na mumewe akaanzisha kwa kumbukumbu yake hospitali ya watoto ya Muthaiga, ambayo mpaka leo yaitwa kwa jina lake.

Lakini ukoo haufuatwi kwa ajili ya mapambo. Mwaka 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, Grogan huyohuyo aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu waliokokota rikisho, kwa madai kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu, akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Waliopigwa walikuwa watatu. Katika vitabu vingi mpigaji ana jina, dada, mke na babu. Wale watatu wana idadi. Nami naona kwamba fundi wa nasaba anayemfuata mlowezi kwa uaminifu hatafika mbali kabla ya kugongana na watu wa namna hiyo, wapagazi, wapishi, wachungaji, na kama atawaruka, kazi yake imetoboka.

Mahali pamoja pa kuwatafuta ni kipande, karatasi ile yenye alama za vidole ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuibeba, mara nyingi ndani ya kikopo cha bati shingoni, na ambamo kila mwajiri aliandika siku ya kuajiri, mshahara, siku ya kuachisha, kisha akatia sahihi. Jirani yangu mmoja, mzee aliyekwisha tangulia mbele ya haki, aliwahi kunifungulia chake. Walikuwamo walowezi watatu, na sahihi zao zilikuwa wazi kuliko maandishi ya makaburi. Nilimwambia kwa furaha kwamba watu hao naweza kuwatafuta hata nijue walizaliwa kijiji gani Uingereza na watoto wao wako wapi. Akafikiri kidogo, akaweka kidole juu ya sahihi ya pili.

"Huyu, mwanangu, nitazamie kama aliacha warithi," akasema. "Alinibakishia mshahara wa mwezi mmoja."