Ramani ya Uhalifu au Ramani ya Doria? Uhakiki wa Dhana ya Maeneo Sugu

Hoja ya maeneo sugu imejengwa juu ya utafiti wa Sherman, Gartin na Buerger (1989), waliochambua simu zilizopigwa polisi mjini Minneapolis, Marekani, wakabaini kuwa takriban asilimia 50 ya simu zilihusu asilimia 3 tu ya maeneo. Mkakati uliozaliwa hapo una mantiki: peleka doria penye nukta nyingi. Majaribio yaliyofuata yameonyesha mara kwa mara kuwa doria hizo hupunguza uhalifu, na si haki kuyabeza.

Hata hivyo, kilichohesabiwa Minneapolis ni simu, si makosa. Apigaye simu ni yule anayeamini kwamba polisi watakuja, na kwamba ujio wao hautamdhuru. Mke anayepigwa akanyamaza hana nukta kwenye ramani.

Simu angalau hutoka kwa raia. Hali huharibika zaidi pale takwimu zinapotoka kwa polisi wenyewe. Lum na Isaac (2016) walichukua kumbukumbu za makosa ya dawa za kulevya za Oakland, wakazipitisha katika kanuni ya utabiri ya PredPol. Kanuni iliwarudisha askari kwenye mitaa ileile ya watu weusi wenye kipato cha chini, ilhali makadirio ya afya ya jamii yalionyesha matumizi ya dawa yameenea mji mzima. Doria huzaa kumbukumbu, kumbukumbu huzaa nukta, nukta huita doria. Polisi wa Los Angeles waliiacha PredPol mwaka 2020. Sababu waliyoitaja (inashangaza kidogo) ilikuwa ufinyu wa fedha.

Kwa serikali za ukanda wetu, kuanza na ununuzi wa programu ni kuanzia mkiani. Malalamiko yanayoishia kwa balozi wa nyumba kumi hayaingii katika kitabu cha kituo cha polisi, na ramani itokanayo na kitabu hicho pekee haitayaona. Mfano wa kufaa zaidi ni Cardiff, Wales, ambako Jonathan Shepherd, daktari wa upasuaji, alianzisha utaratibu wa kuwauliza majeruhi hospitalini walipigwa wapi, lini na kwa silaha gani. Majibu, bila majina, yalipelekwa kwa polisi na halmashauri, na mashambulizi mengi yalikuwa hayajawahi kuripotiwa. Utaratibu huo wahitaji karani wa mapokezi aliyefunzwa na fomu fupi; programu ya ramani yaweza kufuata baadaye.