Mlango Unaovimba: Namna ya Kuipima Filamu ya Nyumba Yenye Mauzauza

Anza na rimoti. Ukiona umeing'ang'ania muda wote, unapandisha sauti ili usikie watu wanavyonong'ona, halafu unaishusha mbio kabla majirani hawajaamka, ujue filamu hiyo inakushtua tu, haikutishi. Kushtua ni kazi nyepesi. Sufuria likianguka jikoni usiku wa manane utaruka vilevile, na hakuna atakayelisifu sufuria kwa ufundi. Paka anaruka kabatini, vinanda vinalia, mwanamke anashikwa bega kumbe ni mumewe. Mimi mbinu hizo nazihesabu kwa vidole, na zikifika tatu ndani ya nusu saa ya kwanza nazima nikalale.

Filamu nzuri ya aina hii hukufundisha nyumba kwanza. Simamisha picha baada ya nusu saa ujiulize: naweza kumwelekeza mtu kutoka jikoni hadi chumba cha watoto? Kama huwezi, mwongozaji hajajenga nyumba, kajenga korido za kukimbilia. Itazame *The Others* ya Alejandro Amenábar, ya mwaka 2001. Nicole Kidman ni mama anayeishi kisiwani Jersey mwaka 1945 na wanawe wawili wasiovumilia mwanga. Watumishi wapya wanapofika anawapitisha nyumba nzima na shada la funguo, akiwapa sharti moja: hakuna mlango kufunguliwa kabla uliotangulia haujafungwa. Unamwona ni mwenye nyumba mwenye gubu. Kumbe tunapewa ramani. Baadaye ukisikia nyayo ndani ya chumba ulichokiona kwa macho yako kikifungwa, mwili unasisimka wenyewe. Kisha inafika asubuhi moja, mapazia yote hayapo. Kutisha kwa giza wanaweza wengi; Amenábar anakutisha kwa jua.

Nyumba njema si mlango, ila kwa filamu hizi mlango ni nusu ya kazi. Hapo hakuna aliyemfikia Robert Wise katika *The Haunting* ya mwaka 1963, iliyotokana na riwaya ya Shirley Jackson ya 1959. Imepigwa kwa nyeusi na nyeupe, na tangu mwanzo hadi mwisho huonyeshwi mzimu hata mmoja. Usiku wa kwanza wa balaa, vishindo vinakuja koridoni, mlango hadi mlango. Eleanor, aliyechezwa na Julie Harris, anazinduka usingizini na kabla hajajua aliko anamwitikia mama yake kwamba anakuja. Mama huyo ameshakufa. Eleanor alimuuguza miaka na miaka, na mgonjwa alikuwa akimwita kwa kugonga ukuta. Rudia kipande hicho mara mbili. Mlango wa chumba chake haujaguswa bado, lakini umeshajua nyumba hii imegusa kidonda gani.

Mlango wenyewe unakuja baadaye. Ubao unavimba kuelekea ndani, polepole, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi, kisha unarudi. Unavimba tena. Ufundi wote ule ulikuwa mlango wa mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, na mtu mwenye nguvu akiusukuma kwa nyuma. Mwaka 1999 Jan de Bont aliirudia hadithi hiyohiyo kwa kompyuta: sanamu zinageuza nyuso, nyumba inaota mikono, na mzimu unajitokeza mzimamzima. Nilimaliza bisi zangu zote bila kumwaga hata punje.

Swali la pili la mtazamaji wa kwetu ni gumu zaidi: kwa nini hawahami? Huku nyumba ikianza vishindo, kesho yake ataitwa shehe aisome, na asipofanikiwa vyombo vitapakiwa kwenye mkokoteni. Mwandishi asiyelijibu swali hilo anawafanya wahusika wake wajinga, na mjinga tunamcheka tu. Jibu bora nililoliona limo katika *Under the Shadow* ya Babak Anvari, ya mwaka 2016, inayozungumzwa kwa Kiajemi. Ni Tehran wakati wa vita vya Iran na Iraq. Madirisha yamebandikwa utepe wa gundi ili vioo visiruke vipande. Shideh amekataliwa kurudi chuoni kusomea udaktari kwa sababu ya siasa zake, mumewe kapelekwa vitani, na kombora limetua ghorofa ya juu bila kulipuka, likaacha ufa kwenye dari. Majirani wanaondoka mmoja mmoja. Majini, wanasema, huja na upepo. Binti yake Dorsa hatoki bila mwanasesere wake aliyepotea. Usiku mmoja Shideh anamkumbatia mtoto na kukimbilia nje kichwa wazi. Anakamatwa kwa kutovaa hijabu, anakaripiwa, anarudishwa nyumbani kulekule. Hapo nilisahau kabisa kuuliza kwa nini hawahami.

Angalia pia ni lini wanaanza kukueleza. Padri au profesa akishafungua kitabu na kutaja nani alizikwa wapi, hofu inageuka upelelezi. *The Changeling* ya Peter Medak, ya mwaka 1980, inapungua nguvu kwa namna hiyo hasa, inapomgeukia seneta na siri zake. Naisamehe kwa ajili ya ngazi zake. George C. Scott ni mwanamuziki aliyefiwa na mke na binti, anapanga jumba kuukuu peke yake. Siku moja mpira mdogo wa yule binti unadunda kushuka ngazi, tap, tap, hadi chini. Anauchukua, anaendesha gari mpaka darajani, anautupa mtoni. Anarudi, anafunga mlango. Mpira unashuka tena, safari hii umelowa.

Filamu yoyote kati ya hizi, ipate nakala yenye sauti yake. Wasimuliaji wetu wa vibanda umiza, wanaotafsiri juu ya sauti ya filamu, nawapenda kwa filamu za kung fu, ila ukimya hawauwezi. Mpira ule ukishuka ngazini, wangeanza kutangaza kona.