Mafia kwa Begi la Mgongoni: Visiwa Vinne, Watu Wawili, Ratiba ya Maji

Niseme mapema kabla pumzi haijaniishia: kama wewe na mwenzi wako mna nafasi ya safari moja tu ya visiwa mwaka huu, ipelekeni Mafia. Na msishie kisiwa kikubwa peke yake. Shukeni Kilindoni, vukeni Chole, pitilizeni Juani, malizieni Jibondo. Tumerudi juzi, mimi na mume wangu, mabegi bado yananuka chumvi, na sijaacha kuwasumbua majirani kwa hadithi.

Kwanza, njia. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hufika kwa muda mfupi sana, lakini sisi tulitaka kuionja safari yenyewe. Tukapanda basi Mbagala Rangi Tatu, tukashika barabara ya Kibiti, kisha tukakata kushoto hadi Nyamisati, ukingoni mwa delta ya Rufiji. Hapo ndipo raha inapoanza! Boti inapenya kwenye mikoko, maji yana rangi ya chai ya maziwa, ndege weupe wametua matawini, halafu ghafla kuta za miti zinaachana na bahari inafunguka mbele yako yote. Mama mmoja aliyekuwa na kuku wawili kapuni alituuliza kama tumeoana. Mume wangu alipoitikia, yule mama akacheka: "Basi mshike mwenzio, baba, mkondo uko mbele." Mkondo ulikuwapo kweli, na nilishikwa vizuri.

Kilindoni ndio mji mkuu wa wilaya, na kiutawala Mafia yote iko Mkoa wa Pwani, ingawa wengi bara hudhani ni sehemu ya Zanzibar. Mji ni mdogo: soko, misikiti, bajaji, mafundi cherehani, harufu ya samaki wa kukaanga. Ukiwa na haraka utasema hakuna kitu. Kitu chenyewe kimo majini, karibu kabisa na ufuo.

Potwe! Yule papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, mwenye madoa meupe mgongoni, anakula mbele ya mji huu kana kwamba ni mama ntilie wake. Msimu mzuri wa kumwona ni kuanzia Oktoba hadi Februari hivi, wakati uduvi na viumbe wengine wadogo wanapojaa karibu na pwani. Watafiti wamewatambua zaidi ya 100 hapa kwa kupiga picha za madoa yao, maana hakuna wawili wenye madoa yanayofanana. Wengi ni madume ambao bado hawajakomaa. La ajabu zaidi, vifaa vya kuwafuatilia vimeonyesha kwamba wengine hawaondoki msimu ukiisha. Huhamia tu maji ya kina kirefu zaidi, wasionekane.

Nahodha alizima injini. "Shemeji, ingia taratibu, usirukeruke," akamwambia mume wangu. Sheria ni chache na zina maana: usimguse, usimkatie njia, mwachie nafasi. Nikatia kichwa majini nikaona kijani kitupu. Kisha kijani kikaota mdomo. Mdomo mpana, wazi, unakuja polepole moja kwa moja kwangu, nyuma yake mwili usioisha! Nilipiga kelele ndani ya mpira wa kupumulia. Yule bwana akageuka kidogo, akanipita pembeni, mkia ukapunga mara moja, basi. Nimewahi kulipia burudani nyingi mjini. Hakuna hata moja iliyonifanya nisahau jina langu.

Kutoka Kilindoni, barabara ya lami inakatisha kisiwa kupitia minazi na mikorosho hadi Utende. Huko unaingia eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995. Ada hulipwa getini, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo bebeni vitambulisho. Toka hapo, saa ya mkononi haina kazi tena. Ghuba ya Chole hujaa na kupwa kwa namna ya kushangaza: asubuhi boti zinaelea, mchana zimelala ubavu kwenye mchanga. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hukimbia mbali zaidi. Siku za maji mafu hujongea kidogo tu. Muulizeni nahodha maji yanajaa lini, kisha ndio mpange chakula, usingizi na mapenzi. Na hii ndiyo sababu kubwa ya kuipenda safari hii. Watu wawili waliozoea kukimbizwa na simu wanalazimika kukaa chini ya mwembe na kuzungumza, kwa sababu boti haiwezi kuondoka.

Chole ni kadogo, hakana magari, na kana historia nzito kupita umbo lake. Hapa palikuwa na mji wa wafanyabiashara, kisha makao ya utawala wa Wajerumani, kabla hawajahamia Kilindoni mwaka 1913. Leo miti ya jamii ya mkuyu imeyashika magofu yale kwa mizizi, ukuta na mti vimekuwa kitu kimoja. Ukiung'oa mmoja, mwingine unaanguka. Jioni popo wakubwa wanaokula matunda wanaanza kugombana matawini, halafu wanaruka kwa makundi. Ndugu zao wa karibu wako Komoro! Mzee mmoja alitukumbusha pia vita vya Wazungu: Waingereza waliiteka Mafia mwaka 1915, na ndege zao zikaruka kutoka hapa kuelekeza mizinga iliyoimaliza manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Ile delta tuliyoipita na kuku kapuni!

Juani ndiko nilikonyamaza. Magofu ya Kua yamejificha vichakani: misikiti, makaburi, kuta za jumba la watawala, mibuyu imesimama kati ya vyumba. Mji huu uliangamizwa na wavamizi Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini kisa kinachosimuliwa hapa ni cha zamani zaidi. Watu wa Kisimani, upande wa pili wa Mafia, walijenga jahazi na kuwaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha. Wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, jahazi likapita juu yao. Wakua wakanyamaza miaka. Kisha wakawaalika Wakisimani kwenye harusi, wakawakaribisha katika chumba cha chini, na wenyeji wakatoka mmoja mmoja huku mlango ukijengwa kwa mawe. Msimulizi wetu alituonyesha upande ambako chumba hicho kinasemekana kuwa. Mume wangu, ambaye hucheka kila kitu, hakucheka.

Upande wa mashariki wa Juani ndiko kasa wa kijani hutaga, na wanakijiji wanaoshirikiana na shirika la Sea Sense hulinda viota. Vifaranga huanguliwa zaidi kati ya Juni na Septemba. Mmeona mtego ulipo? Msimu wa potwe na msimu wa kasa haikutani. Chagueni mmoja, au fanyeni kama sisi: anzeni kubishana njiani kuhusu tarehe za kurudi.

Jibondo watalii wengi hukiruka, na hilo ni kosa. Ni kisiwa cha mwamba wa matumbawe, kilimo ni kigumu, maji baridi ni ya shida, basi watu wameipa bahari kila kitu: uvuvi, ujenzi wa vyombo, kilimo cha mwani ambacho wanawake hukishughulikia maji yakipwa. Tulikaa kivulini tukitazama mafundi wakiunga ubao wa jahazi kwa jicho tu, bila mchoro wowote. Nendeni na maji yenu ya kunywa, msiyapunguze ya wenyeji.

Chakula? Jamani! Pweza wa nazi, wali wa nazi, changu wa kuchoma aliyevuliwa asubuhi ileile, chapati za moto na chai ya tangawizi. Kwa mama ntilie tulikula vizuri kwa pesa ambayo Dar inatosha chips na soda.

Kasoro zipo. Ratiba za boti hubadilika. Tuliwahi kuambiwa "saa mbili" tukaondoka saa sita. Bahari ya kusi inarusha, na masika ya Aprili na Mei si wakati wa kwenda. Vyumba vya bei nafuu vya Utende ni vichache, hivyo pigeni simu mapema. Ulizeni maboya ya kujiokolea kabla ya kukanyaga chombo. Yakikosekana, subirini kingine. Na hivi ni vijiji vya Waislamu wanaoishi maisha yao: nguo za kuogelea ziishie ufukweni, na kanga moja ndani ya begi itawafaa nyote wawili.

Nani aende? Wapenzi wenye subira, waliooana jana au miaka ishirini iliyopita. Nani asiende? Anayetaka disko, na anayegombana na mwenzake kila foleni inapochelewa. Kwangu mimi hii ni safari bora ya visiwa niliyowahi kufanya katika maji ya kwetu, na mume wangu, mgumu wa sifa, ameniunga mkono bila kulazimishwa. Begi dogo, viatu vya kulowa, pesa taslimu, kalenda ya mwezi. Kateni tiketi, Oktoba haiko mbali!