Hatua Zilezile za Poirot

David Suchet alikuwa na umri wa miaka 42 televisheni ya Uingereza ilipoanza kumwonyesha kama mpelelezi Hercule Poirot, Januari 1989. Kisa cha mwisho, Curtain, kilipoonyeshwa Novemba 2013, alikuwa na 67. Kati ya hapo kuna visa 70, na uigizaji ambao mimi sijauona mfano wake.

Msingi aliujenga kwa kusoma. Alivipitia vitabu vya Agatha Christie kalamu mkononi, akaandika mambo 93 kumhusu Mbelgiji huyo, hata idadi ya vidonge vya sukari anavyotia kwenye kahawa. Sauti ya Suchet mwenyewe ni nzito, ya kifuani. Ya Poirot akaipandisha kichwani, kwa kuwa mtu huyu anaishi kwa akili. Akampa na mwendo wa hatua fupifupi za haraka. Vitu hivyo havikubadilika.

Kilichobadilika ni kile kinachovibeba. Mwanzoni, akiwa na Kapteni Hastings, Inspekta Japp na Miss Lemon, unadhifu wa Poirot unachekesha: mayai mawili ya kifungua kinywa sharti yalingane. Kadiri miaka inavyokwenda, marafiki hao wanaadimika, na unadhifu uleule unageuka kinga ya mtu mpweke. Suchet hakuongeza vituko ili tuone upweke huo. Alipunguza.

Tazama Murder on the Orient Express ya 2010. Wauaji wanajulikana, na Poirot, Mkatoliki aliyeishika sheria maisha yake yote, anawaachia. Anaondoka akikanyaga theluji, rozari mkononi, machozi yakimlenga. Wapo wasiopenda giza hilo, wanaomtaka Poirot mchangamfu wa zamani. Nawaelewa. Lakini mtu aliyeinamia maiti miaka yote hiyo roho yake isizeeke, huyo angekuwa sanamu.

Katika Curtain hata ule mwendo ameondolewa: yuko kwenye kiti cha magurudumu, mwili umekonda, amebaki na macho na sauti. Tena kisa hicho, ambamo Poirot anakufa, kilipigwa picha kabla ya visa vingine vya msimu huo wa mwisho. Suchet alimuua Poirot wake, kisha akarudi kumwigiza akiwa hai, akamalizia na Dead Man's Folly huko Greenway, Devon, nyumbani kwa Christie mwenyewe. Kuurudisha wepesi wa hatua zile baada ya kifo, mtazamaji asishuku chochote, kwangu ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizozifanya.